Mume Wangu Nyuma, Mimi Kwenye Usukani

Daktari alimkataza mume wangu baiskeli siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa nyumba yetu ya Thornhill, nje kidogo ya Toronto, ilikuwa haikaliki.

Gari alikuwa ameshaliacha mwaka mmoja kabla, tena bila manung'uniko. Alinikabidhi funguo, akahamia kiti cha abiria, na papo hapo akaanza kazi mpya ya kunifundisha kuendesha gari ambalo nimeliendesha miaka thelathini. Lakini baiskeli ilikuwa jambo jingine. Tangu tufike Toronto, kila Jumapili theluji ikishayeyuka, mume wangu alikuwa akiswali alfajiri, anakunywa chai kwa kusimama, kisha anaondoka kuelekea kaskazini kwenye barabara za mashambani. Adhuhuri anarudi na chumvi ya jasho usoni, anakula kama mtu aliyeshinda akilima, na anazungumza bila kupumua. Mimi hii baiskeli nilikuwa naionea wivu kidogo, nisiseme uongo.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Hila yake ni kwamba hauzimi taa kwa mpigo mmoja. Unaanza kula pembeni, kimyakimya, na mwenyewe hujui kama unaliwa. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na matone ya asubuhi na jioni ni ya kulinda kilichobaki, kwa muda ambao yeye hawezi kuutaja. Kilichobaki ni katikati. Mume wangu anaona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ukisimama mbele yake uso wako anauona, na hata ukikunja midomo anakuuliza umekasirikia nini. Ila gari linalochomoza kando, au mtoto anayekatiza njia, hana habari.

Basi akakaa kwenye kiti cha dirishani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Kila nilichosema alijibu, "Sawa." Chai imechelewa, sawa. Tunakwenda kwa daktari wa meno, sawa. Sasa mume wangu si mtu wa sawa. Ni mtu wa kubisha. Ukimwambia leo baridi, atakwambia jana ndiyo ilikuwa baridi. Nikaamua kumpima. Nikamwambia nimemwalika dada yake aje akae nasi miezi mitatu. Dada yake huyo ni yule anayefungua vifuniko vya sufuria za watu na kushusha pumzi.

"Sawa," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Upofu wenyewe nilikuwa nimeshaanza kujiandaa nao. Nilikuwa tayari kumshika mkono mpaka mwisho. Nilichoogopa ni kwamba mwenyewe angetangulia kuzimika, macho yakafuata baadaye, na mimi nikabaki na mtu wa kumwekea matone tu. Nilikuwa namtaka mbishi wangu.

Mwezi Julai huwa anatazama mbio za baiskeli za Ufaransa kwenye televisheni. Mwaka huo aliusogeza uso karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa, na sauti ameizima. Nikamuuliza nani anaongoza. Akasema hajui, hatazami watu, anatazama barabara. Helikopta ilikuwa ikionyesha kijia chembamba cha lami kikipita katikati ya mashamba ya alizeti, na miti mirefu imepangwa pande zote mbili.

"Pale hakuna gari hata moja," akasema.

"Wamezifunga barabara kwa ajili ya mashindano, baba."

"Hizo kubwa ndiyo wamezifunga. Hivi vijia vya kijijini viko hivyo mwaka mzima. Unaweza kwenda saa nzima husikii kitu." Akagusa kioo kwa kidole. "Nilikuwa nimepanga kwenda nikistaafu."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa wiki kadhaa. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya kigoda nikafikiri, na nilipotoka jikoni nilikuwa nimeshaamua.

Baiskeli ya watu wawili niliipata kwa mzee mmoja wa North York ambaye mkewe alikuwa ameikataa katakata. Ni ndefu kama kitanda. Ina siti mbili, pedali jozi mbili, na cheni zilizounganishwa, kwa hiyo mguu wa mmoja ukizunguka na wa mwenzake unazunguka, atake asitake. Usukani wa mbele ndio unaoongoza. Wa nyuma ni wa kushikilia tu, hauendi popote. Nilimpigia simu binti yetu aje anisaidie kuiteremsha garini. Binti yetu alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ambacho hatutaki akisikie, ila majibu yake hutoka kwa Kiingereza.

"Mama, who's going to sit in front?"

"Mimi."

"You don't even know how to ride a bike!"

"Najua."

"Since when?"

"Tangu Tanga."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia niliwahi kuwa rubani. Na kweli sikuwahi kumsimulia. Tanga ya utotoni mwangu ilikuwa mji wa baiskeli. Mwalimu, karani, muuza samaki, mkunga, wote juu ya baiskeli. Ila msichana wa nyumba yetu alipakiwa nyuma, kwenye keria, miguu upande mmoja. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha. Baada ya chakula cha mchana, baba na ami zangu wakishalala, tulikuwa tunatoa baiskeli yake kubwa kupitia mlango wa uani. Siti sikuifikia, kwa hiyo nilipitisha mguu chini ya mtalimbo na kuendesha nimejikunja, nusu nje nusu ndani. Uchochoro wetu ulikuwa unatokea kwenye barabara ya malori ya mkonge. Kaka alikuwa anakimbia nyuma akipiga kelele, "Kushoto! Kaa kushoto! Kushoto, we mtoto!" Mama alipotuona, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba sasa nimekua, na baiskeli ikaishia hapo. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja.

Nikamwambia binti yangu mwili hausahau. Akaniletea helmeti.

Mazoezi tuliyafanya asubuhi za katikati ya wiki, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya msikiti, pale barabara ya Bathurst, wakati hakuna mtu. Mume wangu alikubali kwa "sawa" ileile, akapanda nyuma kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Nilivaa suruali pana na kanzu fupi, hijabu nikaibana chini ya helmeti. Mara ya kwanza tulikwenda kiasi cha urefu wa magari matatu tukaanguka upande wa kushoto. Mara ya pili tukaanguka upande wa kulia. Mwili haukuwa umesahau, lakini ulikuwa unakumbuka mwili mwingine, mwembamba zaidi, usiobeba mwanamume mzima mgongoni.

Maana baiskeli hii ina sheria zake. Wa mbele anatoa amri, wa nyuma anatii. Lazima nitangaze kila kitu kabla ya kukifanya: tunaanza, tunaacha kukanyaga, tunafunga breki, kuna shimo. Mtu ambaye mwaka mzima na zaidi amekuwa akiniambia lini niwashe indiketa sasa alipaswa kukaa nyuma na usukani usiokwenda popote. Siku zile za mwanzo alitii bila neno, na mimi ningefurahi kama angenitukana.

Habari zikaenea, bila shaka. Baada ya majlis ya msikitini, mwanamke mmoja aliniuliza kwa upole wa sumu, "Tumesikia siku hizi unampakia bwana?" Nikamwambia ndiyo, na nafasi ikipatikana nitampakia na yeye. Rafiki za mume wangu nao walimwita Keria. Kipindi cha baridi tuliishusha baiskeli besimenti, chumba cha chini ya nyumba, tukaifunga kwenye vyuma isiondoke, tukawa tunakanyaga tukitazamana na mashine ya kufulia. Angalau miguu yetu ilijifunza kwenda pamoja.

Majira ya kuchipua tukatoka barabarani, na ikawa balaa. Toronto ina njia za baiskeli, sikatai, lakini pembeni mwa njia kuna mabasi, malori ya taka, reli za tramu zinazotaka kumeza tairi, na watu wanaofungua milango ya magari bila kutazama. Mimi nilikuwa naendesha nimeuma meno. Mume wangu nyuma yangu alikuwa haoni kitu ila mgongo wangu, na makelele yale yalimnyima hata masikio. Tulirudi nyumbani tumechoka kama tuliogombana, na zaidi ya amri zangu hatukuwa tumesemezana hata neno moja. Akarudi kwenye kiti chake. Nikasema hapa nimeshindwa.

Ni binti yetu aliyetushauri twende visiwani. Mbele ya mji, ndani ya ziwa, kuna visiwa ambavyo magari ya watu hayaruhusiwi. Unapanda kivuko na baiskeli yako, dakika chache tu umefika. Tulikwenda asubuhi ya siku ya kazi, na tulipotoka kwenye kivuko nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu, nacho ni tairi zetu wenyewe zikisugua lami.

Tukaenda kidogo. Nilipokata kona, nikakuta kundi la bata bukini wamekaa katikati ya njia, na mmoja wao, mkubwa, akainua shingo akaanza kutufokea.

"Yallah! Bata!" nikapiga kelele. "Breki! Acha kukanyaga! Anakuja!"

"Wako wapi? Wangapi?"

"Wamejaa njia nzima! Huyu mmoja ametanua mbawa, anataka mguu wangu. Mwenzake yuko kushoto na watoto, watoto wa manjano manjano, wanaingia majini mmoja mmoja."

"Wa manjano? Bata bukini hawana watoto wa manjano. Ni wa kijivu."

"Mimi ndiye ninayewaona!"

"Basi huoni vizuri," akasema. "Watakuwa wa kijivu."

Nikasimamisha baiskeli, mguu mmoja chini. Moyo wangu ulikuwa unadunda, na bata hawakuwa na sehemu hata ndogo katika hilo. Alikuwa amebisha. Mtu asiyeweza kuona bata pembeni mwake alikuwa ananibishia rangi ya vifaranga vyao. Sikujua nicheke au nimkumbatie, kwa hiyo nikamwambia yeye ni mjinga, na kwamba ni wa manjano.

Kuanzia siku ile nikawa mtangazaji. Mnawajua wale wa mpira redioni, wasiokubali dakika ipite kimya? Ndivyo nilivyokuwa. Mbele kuna daraja dogo, baba, limepakwa rangi nyeupe inabanduka. Kulia kuna mama na mbwa, mbwa amevaa koti. Na yeye nyuma anauliza, anapinga, anasahihisha. "Koti gani mwezi Mei?" Sauti yake inanijia mgongoni, karibu kabisa na sikio. Nikagundua kwamba sisi hatukuwa na haja ya barabara nzuri wala ya mbio. Haja yetu ilikuwa barabara yenye ukimya wa kutosha ili anisikie. Na visiwa ni vidogo. Ukishavizunguka mara tatu, kila mti unaujua kwa jina.

Kwa hiyo mwezi Juni uliofuata tukaenda Ufaransa. Tulikodi nyumba ndogo ya mawe kwenye kijiji ambacho duka lake lilikuwa linafungwa mchana, na baiskeli ya watu wawili tukaikuta hukohuko. Binti yetu alitutumia ujumbe kila saa. Mimi nilibeba chupa ya chai ya tangawizi na kababu za dengu nilizokaanga usiku wa kuamkia kila safari ya baiskeli, maana nyama za kule sikuziamini.

Mume wangu hakuwa amesema uongo kuhusu vijia vile. Lami nyembamba, haina hata mstari katikati, inapanda kilima kidogo na kushuka, ngano upande huu, alizeti upande ule, na gari hakuna. Unasikia ngano ikijisugua. Unasikia kengele ya kanisa la kijiji ambacho hujakifikia. Nilitangaza mpaka koo likakauka. Ng'ombe weupe, saba, wanane, wamekaa chini ya mti mmoja. Nyumba imefunikwa na waridi, madirisha yake ya bluu. Majani makavu yamefungwa mviringo, yamelala shambani kama magurudumu yaliyotoka kwenye lori la majitu. "Majitu gani?" akauliza.

Na kila mtu tuliyekutana naye nilimsalimia. Mimi siwezi kumpita mtu njiani kama nampita nguzo. Nilikuwa nimejifunza maneno yao manne matano ya salamu, na kila bibi aliyekuwa akimwagilia maua alipata yote. Tulisimama, tukaulizana hali kwa mikono na tabasamu, tukapewa maji, mara moja tukapewa kikapu cha cheri, vitunda vyekundu vya kule.

"Tukisalimia Ufaransa nzima hatufiki," mume wangu akasema.

"Kwani unakwenda wapi?"

Akacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekisubiri tangu Jumanne ya daktari.

Siku moja mchana tuliondoka kwenye kijiji kimoja chenye mnara, saa ambayo watu wote walikuwa wamejifungia wanakula. Barabara ilikuwa yetu peke yetu. Jua zuri, upepo nyuma, baiskeli inakwenda yenyewe. Mimi natangaza: ngano, kisima, nyumba nyingine yenye madirisha ya bluu. Yeye nyuma alikuwa ametulia. Haukuwa ule utulivu wa kwenye kiti, nisingeukubali. Alikuwa anauliza vitu vifupi. "Alizeti zimetazama wapi?" "Kivuli hiki ni cha nini?" Nikamjibu. Tukaenda hivyo kwa muda mrefu na nikajisikia mwepesi, mtoto kabisa, sina wazo lolote kichwani.

Tukakata kona, na mbele yetu, uso kwa uso, trekta.

Nilipiga kelele, nikafunga breki, tukaingia kwenye majani marefu ya pembeni na kusimama tumeinama. Trekta nalo likasimama. Dereva, mwanamume mnene mwenye kofia, akashuka taratibu, akatutazama, akatazama barabara, kisha akaonyesha kwa kidole upande wa pili. Ndipo nilipoelewa. Tulikuwa upande wa kushoto. Kwa jinsi tulivyotoka kijijini, nadhani tulikuwa upande wa kushoto muda wote. Nimeendesha gari mkono wa kulia miaka thelathini sijakosea hata mara moja, kwa sababu Toronto magari yenyewe yanakusukuma mahali pako. Nilipoachiwa barabara tupu na baiskeli, mwili ukaenda zake Tanga, ukakaa kushoto kama ulivyofundishwa.

"English?" dereva akauliza, kwa huruma.

"Hapana," nikamwambia. "Tanga."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba jibu limemtosha, akacheka, akaturudisha barabarani kwa mikono yake mwenyewe na kuondoka.

Nikamgeukia mume wangu. Hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

"Na wewe! Mwendesha baiskeli mkubwa! Kunifundisha gari unaweza, lakini nikikupeleka upande mbovu nusu ya Ufaransa husemi?"

"Sikuona."

"Hukuona nini? Katikati unaona! Barabara iko katikati!"

Akavua helmeti, akajifuta kipaji cha uso.

"Nilikuwa nimefumba macho," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye mnara."

Sikuelewa. Nikamuuliza kama yanamuuma, kama ni matone, kama amesahau kuyaweka. Akasema hapana, haumwi kitu.

"Nilitaka kujua kama barabara itakuwepo."

Ngano ilikuwa inajisugua palepale karibu nasi. Sikuweza kumtazama, nikatazama pedali. Huyu mtu alikuwa amekaa nyuma yangu, mwendo ule, kwenye mteremko, giza tupu kwa hiari yake, akiuliza alizeti zimetazama wapi.

"Na je?" nikamuuliza.

"Ipo," akasema. "Ipo yote. Mpaka madirisha ya bluu."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha, maana hata ningeyaficha angeniuliza mbona nimekunja midomo. Aliniacha nimalize. Tukanywa chai ya tangawizi tumesimama, tukala kababu mbili mbili, na akaanza kubisha kwamba dereva yule alikuwa na kosa pia, kona kama ile hupigi honi?

"Haya, panda," nikamwambia.

Tukapanda. Nikahakikisha mara mbili kwamba tuko mkono wa kulia.

"Umefumba?"

"Nimefumba."

"Basi sikiliza. Mbele kuna kilima, si kirefu. Kileleni kuna mti mmoja peke yake. Na ukanyage, baba, usije ukaniacha napanda peke yangu."

"Nakanyaga," akasema, na pedali zikazunguka chini ya miguu yangu kabla sijazisukuma.